TAHADHARI: "Bima ya nyongeza" ya wastaafu, Moshi na Arusha

Wastaafu wenzangu, na nyie mlio na wazazi wastaafu, someni hili na muwasomee. Kuna vijana wawili, wa kike na wa kiume, wanapita kwenye vikundi vya kufa na kuzikana wakiuza wanachokiita "bima ya nyongeza kwa mwenye NHIF", yaani kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Ni matapeli. Mimi na mume wangu wametula shilingi 420,000.

Walikuja kwenye kikao chetu Pasua, hapa Moshi, pensheni ikiwa imeingia juzi yake. Shikamoo nyingi, vitambulisho shingoni, wanakuita "mwalimu" hata hujajitambulisha. Wakasema kadi ya mstaafu haipokelewi tena hospitali binafsi. Hapo walitushika, maana nani amesahau Machi 2024, kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei zake, kilipoanza na hospitali kubwa binafsi zikasitisha huduma kwa wenye NHIF? Lakini ule ulikuwa mvutano wa bei kati ya hospitali na Mfuko, uliwagusa wanachama wote. Haukumfuta mstaafu. Ukistaafu, NHIF inaendelea kukuhudumia wewe na mwenza wako bila kukukata kitu. Watoto na wajukuu ndio hawamo, na matapeli hawa wanalijua hilo vizuri. Mimi nalea mjukuu mwenye pumu. Walipotamka "na wajukuu watatu", sikusikia kingine.

Mwenzetu mmoja aliuliza: na mzee wa miaka 71 mwenye kisukari je? "Hamna shida mama, kadi inafanya kazi leo leo." Pale tungenyanyuka. Kampuni ya kweli inakuuliza umri na maradhi yako kwanza, na mara nyingi ina ukomo wa umri wa kujiunga na kipindi cha kusubiri.

Pesa tulituma kwenye simu, likatokea jina la mtu. "Huyo mhasibu wetu." Risiti ni ya kitabu kile cha kununua stationari, muhuri juu, hakuna TIN, wala si risiti ya mashine ya EFD. Kadi ilianza kubanduka pembeni wiki ile ile.

Usiku mmoja mjukuu akabanwa kifua, nikamkimbiza hospitali. Binti wa mapokezi akaingiza namba mara mbili, akageuza kadi, akaniambia taratibu, "Bibi, hii kampuni kwetu haipo." Nikalipa taslimu, mjukuu akawekewa mashine ya kuvuta dawa. Asubuhi nilikwenda "ofisini" kwao karibu na stendi. Nilimkuta fundi cherehani, ana miaka mingi pale, hawajui.

Bima za nyongeza za halali zipo, simkatazi mtu. Ila kampuni na wakala wote lazima wawe na leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Omba leseni, omba mkataba, uliza TIRA kabla hujatoa hata shilingi. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Mtu akikwambia NHIF yako imekoma, nenda kaulize NHIF wenyewe, usimuulize muuzaji.

Namba zao za simu nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi nimefungua RB. Wawili wa kikundini wameshaandikisha pia. Uliyelipa Arusha, usiitupe risiti hata kama umekata tamaa. Angalia sahihi: ni K kubwa iliyopigiwa mistari miwili chini. Ukiiona, ipeleke polisi.