Seti ya nyumba kamili au kimoja kimoja? Tathmini ya vifaa vya kuanzia makazi mapya baada ya kutengana

Anayeondoka kwenye nyumba ya pamoja mara nyingi huondoka na mabegi mawili, nyaraka zake na simu. Ndani ya siku chache anatakiwa awe na pa kulala, pa kupikia na mlango unaofungika, na fedha aliyonayo imeshapata wenyewe: kodi, amana, usafiri, mahitaji ya watoto. Hapo ndipo tangazo la "nyumba kamili" linapomshika: kitanda, godoro, kabati, meza, jiko na sufuria kwa bei moja, vinaletwa hadi mlangoni, malipo kidogo kidogo.

Tathmini hii inapima seti za aina hiyo dhidi ya kununua kimoja kimoja, kipya au cha mtumba. Ushauri wetu ni kuiacha seti. Nunua kipya kile unachokilalia na kile kinachopitisha gesi au umeme kwenda kwenye kifaa. Vya chuma, vya glasi na vya mbao ngumu tafuta vilivyokwisha kutumika.

Kasoro kubwa ya seti ni kwamba urahisi wake lazima utoke mahali fulani, nao hutoka pale jicho lisipofika: sponji nyepesi ndani ya kitambaa kizuri, waya mwembamba ndani ya kebo nene, ubao wa vumbi la mbao chini ya karatasi yenye picha ya mninga. Kasoro ya pili ni awamu. Usitazame malipo ya mwezi, zidisha. Kitu chenye thamani ya 100 kikilipwa 12 kila mwezi kwa miezi 12 kimekugharimu 144, na huenda godoro likabonyea kabla deni halijaisha. Kwa mtu ambaye bado hajajua mwezi wake mpya unagharimu kiasi gani, deni la mwaka mzima ni mzigo mbaya.

Seti ina sifa moja ya kweli: kila kitu kinafika na kufungwa siku moja. Mzazi mwenye watoto wadogo na kazi ya kutwa hana muda wa kuzunguka sokoni wiki mbili, na muda nao una gharama. Kama hali ni hiyo, mwombe muuzaji atoe godoro, jiko na kabati, apunguze bei kwa kiasi hicho, kisha alete vilivyobaki. Wengi hukubali. Asiyekubali, elewa kwamba faida yake ilikuwa kwenye hivyo vitatu.

Godoro ndilo linalostahili fungu kubwa la bajeti. Sponji hupimwa kwa msongamano, yaani kilo kwa mita moja ya ujazo. Ya 16 hadi 18 inafaa mto wa kiti. Chini ya mtu mzima hubonyea katikati ndani ya miezi. Kwa matumizi ya kila usiku anzia 25, na mwenye mwili mzito atafute 30 au zaidi. Lebo hazisemi ukweli kila mara, ila mzani husema. Godoro la sentimita 120 kwa 180, unene 15, lina ujazo wa mita za ujazo 0.324. Kwa msongamano wa 16 sponji yake ina uzito wa kilo 5.2, kwa 25 kilo 8.1, kwa 30 kilo 9.7. Simama kwenye mzani wa kupimia watu ukiwa umelikumbatia godoro, toa uzito wako, kisha toa kitambaa kama nusu kilo au zaidi kidogo. Godoro "zito" linalopimwa kilo 6 limeshajieleza.

Mzani nao unaweza kudanganywa. Kuna sponji inayochanganywa na unga wa chokaa ili iwe nzito; ukisugua ukingo wake kwa kidole humomonyoka na kuacha vumbi jeupe. Kuna na ile ya vipande chakavu vilivyogandishwa kwa gundi, ambayo ni nzito sana na ngumu. Kwa hiyo fungua zipu. Sponji nzuri ni kipande kimoja, rangi moja, matundu yanayolingana, na ukiibana kwa ngumi inarudi mara moja. Muuzaji anayekataa zipu isifunguliwe, mwache na godoro lake.

Upana wa sentimita 120 unatosha mtu mmoja, hata mtoto akija kulala pembeni. Watu wengi waliotengana hununua tena kitanda kipana kwa mazoea, kikala chumba na kudai shuka kubwa zaidi. Unene usipungue sentimita 15. Ukilazimika kulaza godoro sakafuni kwa wiki za mwanzo, liinue kila asubuhi na kuliegemeza ukutani: unyevu wa mwili hushuka, hukutana na sakafu baridi, na ukungu huota upande usiouona.

Kitanda chenyewe kinaweza kuwa cha mtumba bila wasiwasi mwingi. Cha chuma ni bora kuliko cha mbao, kwa kuwa kina nyufa chache za kuficha kunguni. Kishike pembe mbili zinazotazamana kimshazari, kitikise. Kikilia, angalia kama ni nati iliyolegea, ambayo inakazwa, au maungio ya kuchomelea yaliyopasuka, ambayo yanahitaji fundi. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi sentimita 7 hivi. Ikizidi, sponji huzama kwenye mianya na hata godoro zuri huonekana bovu. Dawa ni kuongeza chaga, au kutandika plaiwudi iliyotobolewa matundu ili hewa ipite. Kitanda chenye upana wa 140 kwenda juu kiwe na mguu wa katikati.

Kunguni wanataka tochi na subira. Mulika matundu ya skrubu, maungio na upande wa chini wa chaga. Vidoa vyeusi vinavyotoa wino ukivipangusa kwa kitambaa kibichi ni kinyesi chao. Dawa ya kupuliza mara moja haitoshi, maana mayai huishi, na wakubwa wanaweza kukaa miezi bila kula. Osha fremu nje ya nyumba kwa maji ya moto sana kabla haijavuka kizingiti, na nguo zote za kitandani zilizotumika zifuliwe kwa nyuzi 60. Kochi la kitambaa la mtumba usilichukue, hata likiwa la bure. Huwezi kulikagua ndani.

Kwenye gesi hakuna kubana matumizi. Jiko la plati mbili linaweza kuwa limetumika. Regyuleta, mpira na vibano viwe vipya, bila mjadala. Regyuleta lazima ilingane na kichwa cha mtungi, maana vipenyo vinatofautiana, na inayoingia kwa kulazimishwa itavuja. Mpira uwe wa gesi hasa, wenye tarehe iliyochapishwa, usizidi mita moja na nusu, wala usipite nyuma ya jiko panapopata moto. Ukishafunga, zima vitufe vya jiko, fungua mtungi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Mapovu yakivimba, funga, kaza, rudia. Usipime kamwe kwa njiti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Pawe na upenyo karibu na sakafu, na mtungi usimame wima wakati wote.

Mwali mzuri ni wa bluu na umetulia. Ukiwa wa njano na kuacha masizi chini ya sufuria, kichoma moto kimeziba au kimekaa vibaya. Kisafishe kwa brashi. Sindano hupanua tundu dogo linalotoa gesi na kuharibu kipimo. Muulize muuzaji kama jiko lilikuwa la gesi ya bomba: matundu yake ni makubwa, na likiwekewa mtungi mwali unaruka juu hadi matundu yabadilishwe. Jiko lenye kifaa cha kukata gesi moto ukizimika lina thamani ya ziada, hasa penye mtoto. Lijaribu papo hapo: washa, puliza moto uzime, subiri. Ndani ya dakika moja hivi utasikia mlio mdogo wa vali ikijifunga. Ukiusikia, funga kitufe. Usipousikia, kifunge pia, ukatafute jiko jingine.

Umeme umejaa udanganyifu mdogo mdogo. Ekstensheni inayowekwa ndani ya seti kama zawadi ndiyo ya kwanza kutupwa. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 9. Kebo inapaswa kuwa na waya wa milimita mraba 1.5 kwa ajili ya mizigo ya namna hiyo. Chukua sumaku ndogo. Ikinasa kwenye meno ya plagi, meno ni ya chuma kilichopakwa rangi ya shaba, nayo hupata moto. Kwangua kidogo ncha ya waya kama inaonekana: nyeupe ndani ni alumini iliyovishwa shaba. Na usitumie ekstensheni ikiwa imezungushwa kwenye bobini kwa kifaa kikubwa. Joto halina pa kutokea.

Friji linaweza kusubiri miezi miwili, na mara nyingi ni vema lisubiri. La mtumba linafaa likipimwa kwa masharti haya: liwe limewashwa saa mbili kabla hujafika, lisiwashwe mbele yako kwa dakika kumi. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, sehemu ya kawaida ikaribie nyuzi 4 na ya barafu ishuke kuelekea 18 chini ya sifuri. Sikiliza kompresa. Inapaswa kuwaka, kunyamaza, kisha kuwaka tena. Isiyonyamaza kabisa imepungukiwa gesi au mpira wa mlango umechoka. Banisha karatasi mlangoni na uivute pande zote nne. Ikitoka bila kukaza, mpira unavuja, ingawa mpira hubadilishwa na hiyo ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei. Ukiona R600a kwenye kibandiko cha kompresa, ujue gesi hiyo inashika moto, hivyo fundi wa kuchomelea bila kuitoa kwanza asiliguse. Soma pia volti: friji lililotoka nchi ya volti 110 litaungua siku ya kwanza. Lisafirishwe likiwa wima. Likilazwa, lisimamishe siku nzima kabla ya kuliwasha ili oili irudi kwenye kompresa, na uliache sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani.

Kabati la ubao wa vumbi ndilo kifaa dhaifu kuliko vyote kwenye seti. Skrubu zikitolewa mara moja na kurudishwa, matundu hayashiki tena, na mtu aliyetengana huenda akahama tena ndani ya mwaka. Maji kidogo chini na miguu inavimba. Badala yake nunua bomba la chuma la kutundikia nguo na masanduku mawili ya plastiki yenye mifuniko. Bomba likizidi mita moja, liwekee nguzo ya katikati, la sivyo litapinda kwa uzito wa makoti. Kama kabati lipo tayari na tundu limelegea, jaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, acha zikauke usiku kucha, kata, ufunge skrubu upya. Kabati lolote refu lifungwe ukutani kwa kipande cha chuma. Watoto hupanda droo kama ngazi.

Vyombo vya jikoni havihitaji maneno mengi. Sufuria mbili zenye mifuniko, ya kipenyo cha sentimita 20 na kina cha 10 (inachukua lita 3) na nyingine ya 26, kikaango, kisu kimoja kizuri, ubao, mwiko, chujio, sahani nne. Chuma kisichoshika kutu cha mtumba ni bora kuliko alumini nyembamba mpya inayobonyea. Kikaango kisichogandisha kikiwa na mikwaruzo kiache hapo hapo.

Kitu kimoja seti haziji nacho kamwe, nacho kinatakiwa siku ya kwanza: silinda mpya ya kitasa, yaani kile kipande kinachoingia ufunguo. Hujui funguo za mpangaji aliyepita ziko mikononi mwa nani, na baada ya kutengana usingizi wa mtu unategemea kujua hilo. Pata ruhusa ya mwenye nyumba. Pima kutoka kwenye skrubu ya katikati hadi kila upande wa mlango, kwa kuwa pande mbili zinaweza kutofautiana, kwa mfano milimita 30 na 40. Isichomoze nje zaidi ya milimita 2 au 3, maana inayochomoza hushikwa kwa koleo na kuvunjwa. Kazi yenyewe ni skrubu moja ndefu na dakika kumi. Silinda ya zamani itunze, utairudisha ukihama.

Kama kuna watoto wanaogawana siku kati ya nyumba mbili, tenga kiasi cha vitu vyao kabla ya meza na pazia. Mswaki, nguo za kulalia, ndala, chaja na daftari la ziada viwe vyao hapo na vibaki hapo, ili mtoto asibebe begi kila mara kama mgeni. Godoro lake linaweza kuwa la sentimita 75 au 90, unene 10 hadi 12, msongamano uleule wa 25. Mwili mwepesi hauhitaji unene. Mwekee droo moja yenye jina lake, na taa ndogo ya LED ya wati 1 au 2 karibu na mlango, ili akiamka usiku kwenye chumba asichokizoea aone njia ya kuja kwako.