Jeli ya Biotène Oralbalance kwa kinywa kikavu cha uzeeni: usiku inafaa, mchana haitoshi

Mzee anayeamka usiku wa manane ulimi umegandana na kaakaa, akanywa maji chupa nzima kisha akashinda njia ya chooni hadi alfajiri, huyo ndiye mteja halisi wa jeli hii. Haina rangi, ni nzito kidogo kuliko ute wa yai, na utamu wake ni wa mbali. Ndani yake mna gliserini na sobitoli zinazoshika maji, pamoja na zailitoli, ambayo bakteria wa kutoboa meno hawawezi kuigeuza tindikali. Haina sukari wala pombe. Vimeng'enya vya kuiga mate vilivyokuwemo katika toleo la zamani viliondolewa, kwa hiyo muuzaji anayekwambia inapambana na vijidudu kama mate yenyewe anauza kwa maelezo yaliyopitwa na wakati.

Kabla ya kupaka, mzee asukutue kwanza ili jeli isifunike mabaki ya chakula. Kamua kama sentimita 1 kwenye kidole safi, paka juu ya ulimi, halafu fizi na ndani ya mashavu. Mwenye meno ya bandia apake utando mwembamba mchana kwenye upande unaogusa kaakaa, maana meno hayo hushikwa na mate. Mate yakikosekana, meno hayo yanacheza na kuchubua fizi. Wengi wanaosema jeli haifai huwa wamejaza mno. Ikizidi inanata kama gundi, na mtu anaitema yote. Akimeza kidogo hakuna neno.

Kazi yake inaishia kwenye kulainisha. Tezi ya mate yenyewe haiigusi, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita 1.5 kwa siku, mengi yakitoka kwenye jozi tatu za tezi: karibu na masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Umri hugeuza baadhi ya seli za tezi hizo kuwa mafuta na nyuzi, lakini tezi zina akiba, na mzee asiyetumia dawa kwa kawaida ana mate ya kumtosha. Mkaushaji mkuu yumo kwenye mfuko wa dawa. Amitriptilini ya miguu inayowaka moto, Piriton ya mafua, oksibutinini ya kibofu: zote huziba mahali ambapo tezi hupokea amri ya neva ya kutoa mate. Lasix hukausha kwa njia yake, kwa kukojoza maji ya mwili. Tena figo za mzee huchuja polepole na damu inayopita kwenye ini imepungua, hivyo dozi ambayo kijana anaimaliza mwilini mapema, kwa mzee hukaa. Dawa hizohizo za kuziba amri ya neva ndizo zinazofunga choo, kuzuia mkojo kwa mwenye tezi dume, na pengine kumfanya mzee achanganyikiwe. Ukiona dalili hizo pamoja na kinywa kikavu, fedha ya jeli iende kwanza kwenye nauli ya kumwona daktari au mfamasia, na vidonge vyote vibebwe, hata vile vya kununua dukani bila cheti. Piriton inaweza kubadilishwa kwa loratadini. Amitriptilini isikatwe ghafla. Daktari ndiye atakayeipunguza.

Kipimo cha nyumbani kipo. Mzee akae bila kula wala kunywa kwa saa moja na nusu, kisha kwa dakika 15 ateme mate yote kwenye kikombe bila kutafuna chochote. Yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Yakiwa mililita 1.5 au pungufu, ukavu ni wa kweli na si hisia tu.

Kasoro ya jeli inayouma zaidi ni kukosa floraidi. Kinywa bila mate huoza meno haraka, hasa shingoni mwa jino ambako fizi imerudi nyuma na mzizi uko wazi. Kwa hiyo dawa ya meno yenye floraidi ya ppm 1,450 haikwepeki, mara mbili kwa siku, mtu ateme povu asisukutue. Ndimu ya kunyonya ili mate yatoke ni hasara tupu, kwani tindikali inayeyusha jino. Mchana, bazoka isiyo na sukari inashinda jeli: ni rahisi kupatikana, na kutafuna kunaiamsha tezi ambayo bado iko hai. Utando mweupe unaokwanguka ukaacha wekundu ni fangasi, unataka nistatini.

Mrija wa gramu 42, kwa gramu 1 kila usiku, unafika wiki 6. Ukipakwa mara nne kwa siku haumalizi wiki mbili. Duka la dawa muhimu la mtaani usitegemee kuikuta, jaribu famasi kubwa za mjini. Na kwa mzee wa moyo anayeweka kidonge cha nitrogliserini chini ya ulimi, alowanishe kinywa kwa tone la maji kwanza. Palipo pakavu kidonge hakiyeyuki, na jeli si mbadala wa maji hapo.