TAHADHARI: Katuni za Gillray "za 1797" ambazo si za 1797

Ndugu mnaokusanya katuni za zamani, hasa mlioko huku Uingereza: kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na katuni za kashfa za waigizaji wa London, zimewekwa fremu nzuri, kila moja pauni 450, eti "chapa halisi". Msimtumie hela.

Anayoinadi zaidi ni ya James Gillray, mchora katuni wa Kiingereza wa enzi hizo, La Promenade en Famille: Duke wa Clarence, mtoto wa mfalme, anavuta kigari cha watoto jasho likimtoka, na Dorothy Jordan, nyota wa jukwaa la Drury Lane, anatembea pembeni akisoma mchezo wake. Hawakuoana, lakini walizaa watoto kumi. Ni katuni tamu, kila mtu anaitaka, na matapeli wanalijua hilo.

Hoja yake kubwa ni tarehe: "Si unaona, Aprili 1797, na jina la mchapishaji Humphrey?" Hiyo haithibitishi kitu. Sheria ya Uingereza ya 1735 ilitaka tarehe na jina la mwenye haki vichongwe kwenye bamba lenyewe la shaba linalotumika kuchapia, kwa hiyo kila nakala, hata iliyotolewa jana kwenye printa, ina tarehe hiyohiyo. Tena mchapishaji Henry Bohn aliyachapa upya mabamba mengi ya Gillray katikati ya karne ya 19. Hizo ni chapa za shaba kweli na zina wanunuzi wake, ila si kwa bei hiyo.

Nikaomba picha za nyuma. Fremu "hazifunguki". Nilipokazana akatuma ya katuni moja ya siasa, na nyuma yake kuna katuni nyingine kabisa! Bohn ndiye aliyechapa kitabu chake cha katuni za Gillray pande zote mbili za karatasi. Jibu la bwana huyu: karatasi enzi hizo zilikuwa ghali. Ya Jordan nyuma sikuonyeshwa, lakini picha ya mbele nilipoikuza niliona vitone vya rangi vimejipanga safu safu. Hiyo ni mashine. Rangi za wakati ule zilipakwa kwa brashi.

Kichekesho ni katuni ya mwigizaji Edmund Kean na kesi yake ya ugoni ya Januari 1825, alipoamriwa kumlipa mume wa Charlotte Cox pauni 800. Cheti kinasema "kazi ya mkono wa Gillray". Gillray alifariki 1815.

Malipo anayataka kwa PayPal, njia ya "marafiki na jamaa", ambayo haina kinga ya mnunuzi. Nilipotaka mtu wa mnada aikague kwanza, akanifungia. Sasa tangazo limerudi kwa akaunti nyingine, picha zilezile, fremu nyeusi yenye mkwaruzo kona ya chini kushoto.

British Museum wameweka katuni za Gillray mtandaoni bure, pamoja na vipimo. Linganisha kabla hujatoa hata senti. Na kama ulishamlipa kwa kadi, piga simu benki leo, usimsubiri akujibu.