Seti ya tabo kwa injini ya 1HZ: imara, ila imepungukiwa

Injini ya Toyota ya 1HZ, ile ya dizeli ya lita 4.2 na silinda sita iliyomo katika Land Cruiser nyingi za mkonga, hutoka kiwandani bila tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, na aliyewahi kupanda mlima wa Kitonga na mzigo anajua maana yake. Nilinunua seti ya kuiongezea tabo katika duka moja la spea Gerezani, nikaifunga mwenyewe nyumbani Kimara kwa wikendi mbili.

Manifoldi (bomba la moshi linaloshika tabo) na tabo yenyewe sina la kuzilaumu: matundu ya bolti yalikaa bila kulazimishwa na shafti haikuwa na mchezo. Bomba la kurudisha oili kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, ndilo lililonitesa. Oili hiyo hurudi kwa uzito wake tu, haisukumwi na presha, na bomba lililokuja na seti limekunjwa mno; oili ikakwama, ikapenya kwenye sili hadi kwenye eksozi, na moshi wa bluu ukawatoa majirani nje wakidhani nachoma gari. Nilichongesha bomba jingine, pana na lenye mteremko mmoja, moshi ukakoma. Muuzaji hakunirudishia hata shilingi.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba seti inauzwa bila geji ya joto la eksozi. Mgandamizo wa 1HZ, yaani kiasi silinda inavyoibana hewa, ni 22.4 kwa 1, ilhali ndugu yake 1HD-T, iliyoundwa na tabo tangu mwanzo, ina 18.6 kwa 1. Injini inayobana hewa kiasi hicho haivumilii tabo kusukuma nyingi, kwa hiyo niliishia presha ya tabo ya nusu ba, nami sishauri zaidi ya hapo. Kwenye dizeli, mafuta yakizidi hewa joto hupanda, jambo ambalo waliozoea petroli huliona kinyume. Nilinunua geji kando, nikaweka sensa yake kabla ya tabo, kisha nikawa nakaza skrubu ya mafuta ya pampu kwa nusu ya robo mzunguko kila mara. Kwenye mpando, mkazo mmoja mdogo kama huo wa ziada ulitosha kuipeleka geji kutoka nyuzi 640 hadi 730, pamoja na moshi mweusi, nikairudisha skrubu ilipokuwa.

Sasa Kitonga napanda kwa gia ya tatu pale nilipokuwa nikishuka hadi ya pili. Seti hii ningeinunua tena, ila kwa muuzaji mwingine, na bomba lake la oili ningeliacha palepale kaunta.