Uzoefu wangu: eneo-kazi lililommezea Mama upau wake

Nyota moja. Nimeandika hivyo nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Kompyuta ya Mama ilikuwa imechoka, nikamwekea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta. Hapo sijutii. Nilipoteleza ni kwenye kuchagua eneo-kazi, yaani sura ya skrini pamoja na menyu na madirisha yake. Nilichukua lile linalosifiwa kuwa unaligeuza utakavyo: rangi, aikoni, hadi saa kubwa katikati ya skrini. Jina nalihifadhi. Mama aliipenda saa ile kupita kiasi.

Wiki haijaisha, simu ikalia. "Mwanangu, huku chini hakuna kitu."

Hakuna kitu vipi, Mama?

"Hakuna. Picha tupu."

Upau wote, ule mstari wa chini ya skrini, ulikuwa umeondoka: menyu, orodha ya madirisha, kitufe cha kuzima, vyote. Alibofya kitufe cha kulia cha kipanya, ikatokea orodha ya maneno, akagusa mojawapo. Basi. Kufuta kabisa faili moja tu unaulizwa kama una uhakika, kung'oa upau mzima huulizwi! Ikabidi aizime kwa kubana kile kitufe cha umeme, kitu nilichomkataza mwenyewe.

Nikamuuliza fundi mmoja anayejua haya mambo. Jibu lake: "Kosa la mtumiaji. Nani alimtuma abofye kulia?" Jamani, kipanya kina vitufe viwili, kingine ni cha mapambo? Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa rahisi: bofya kulia mahali patupu, ongeza paneli, yaani huo upau. Angenieleza hivyo tu kwanza, matusi yangefuata.

Kwa hasira nikamwekea eneo-kazi jingine, Cinnamon. Upau huo huo wa chini ndio uliozua kelele zamani: eneo-kazi liitwalo GNOME 3 lilipotoka mwaka 2011 bila upau huo, kuna walioiendeleza ile ya awali, GNOME 2, kwa jina la MATE, na watu wa Linux Mint, toleo moja la Linux, wakatengeneza Cinnamon. Menyu iko pembeni chini, madirisha yamejipanga kwenye upau, kitufe cha kulishusha dirisha kipo pale pale macho yanapokitafuta. Kwa anayeanza, mpe hii, usimpe mapambo. Nilikuwa tayari kuapa.

Kisha Mama akauliza, "Ile saa yangu uliipeleka wapi?"

Bahati nzuri sikuwa nimelifuta lile la kwanza. Linux inakubali maeneo-kazi mawili kwenye mashine moja. Pale pa kuandika neno la siri kuna kitufe cha kuchagua unaingia lipi. Nikamwonyesha, nikijua atabaki kwenye Cinnamon.

Juzi nimemkuta kwenye lile lile. Upau uko juu ya skrini, sijui umefikaje. "Uliondoka tena," akasema, "nikauweka mwenyewe. Huku juu nauona vizuri."

Basi ziwe nyota tatu. Mbili ni za saa. Fundi hana yake.