Kijitabu cha sikukuu ya Rozari: historia safi, sala nusu nusu
Aisee upande wa historia hiki kijitabu kimenikosha, kinaanza na vita vya Lepanto 7 Oktoba 1571, vita vya baharini kati ya Wakristo na Waturuki wa Ottoman, jinsi Papa Pius V alivyohimiza watu wasali rozari (zile sala za Kikatoliki kwa Bikira Maria zinazohesabiwa kwa shanga), meli za Wakristo zikashinda ndo akaweka kumbukumbu ya Mama wa Ushindi, halafu 1573 Gregory XIII akaibadilisha kuwa sikukuu ya Rozari. Shida ni kwenye sala. Matendo ya Mwanga, yaani lile fungu la rozari la kutafakari maisha ya Yesu ambalo husaliwa Alhamisi, hayamo kabisa, na Papa John Paul II aliyaleta tangu 2002 jamani, sasa Alhamisi mtu asali nini? Litania ya Bikira Maria (sala ya kuitikiana) ipo, maandishi makubwa, hata bibi anasoma bila miwani. Nyota tatu, wakichapa upya wayaweke hayo Matendo ya Mwanga nitaongeza ya nne.