NFL+ Premium: Filamu ya Makocha na Ukweli wa Wiki za Mwanzo

Kila Septemba, ligi ya futiboli ya Marekani inapofungua msimu, sisi Waswahili tunaoishi Minneapolis hurudi kwenye mabishano yaleyale: timu iliyofunga pointi 40 katika mechi yake ya kwanza ni timu kweli, au imekutana tu na mpinzani aliyekuwa bado usingizini? Nimeshiriki mabishano hayo kwa miaka mingi nikitegemea matokeo na vipande vifupi vya video, na mara nyingi nimekosea. Katika misimu ya 2023 na 2024 nililipia NFL+ Premium, huduma ya ligi yenyewe kwa watazamaji walioko Marekani, na nimeona vyema kuieleza kwa kirefu, kwa sababu ndani yake kuna kitu kimoja kilichobadilisha kabisa namna ninavyoutazama mchezo huu. Kitu hicho ni filamu ya makocha.

Niyataje kwanza yale mengine, maana wengi huingia kwa ajili yake. NFL+ ilianzishwa Julai 2022, ikiwa na daraja la kawaida na daraja la juu liitwalo Premium. Kuanzia msimu wa 2023 daraja hilo la juu liliongezewa RedZone, ile chaneli ya Jumapili inayorukaruka kutoka uwanja hadi uwanja kila timu inapokaribia kufunga, na bei yake ikawa dola 14.99 kwa mwezi. Mechi za moja kwa moja unazopewa ni zile za eneo unaloishi pamoja na zile kubwa za usiku, na unaziona kwenye simu au tableti tu, si kwenye televisheni. Kwa familia yenye watu watano sebuleni hilo ni tatizo kubwa, na mtu anayetaka huduma hii ili aone mechi Jumapili na wenzake ningemshauri asiinunue, kwa kuwa antena ya kawaida juu ya dirisha itamfaa zaidi na haina malipo ya mwezi. Marudio ya mechi nzima bila matangazo yamo, na pia mechi zilizofupishwa hadi takriban dakika 40, ambazo kwa mtu anayefanya kazi zamu ya usiku ni neema. Haya yote ni mazuri, lakini kama yangekuwa ndiyo yote, nisingeandika.

Televisheni huufuata mpira. Kamera inamkazia kwotabeki, yaani mrushaji wa pasi anayeuongoza ushambuliaji, inauona mpira ukiruka, kisha inamkuta mpokeaji akiwa tayari peke yake, na mtangazaji anapaza sauti kana kwamba upweke huo umetoka mbinguni. Jinsi mpokeaji yule alivyompoteza mlinzi wake, nani alimvuta mlinzi huyo pembeni, na kwa nini mlinzi wa nyuma kabisa alikuwa amesimama pasipo pake, mtazamaji haonyeshwi. Filamu ya makocha hupigwa kutoka juu na inawaonyesha wachezaji wote 22 tangu wanapojipanga hadi filimbi. Kila jaribio, yaani kila kipande cha mchezo tangu mpira unapoanzishwa hadi unaposimamishwa, linaonyeshwa kwa pembe mbili: kwanza kutoka ubavuni mwa uwanja, ambapo unaziona njia za wapokeaji wote, kisha kutoka nyuma ya goli, ambapo unaiona laini ya ushambuliaji, yaani wale watano wanaomkinga kwotabeki, na mapengo yanayofunguka mbele ya mkimbiaji. Haina sauti. Hakuna mtangazaji, hakuna muziki, hakuna picha za mashabiki, na mara ya kwanza ukimya huo unachosha, hadi utakapogundua kwamba ndio unaokupa nafasi ya kufikiri.

Thamani ya filamu hii huonekana zaidi mwanzoni mwa msimu, wakati matokeo ni machache na kila mtu ana nadharia. Kwa miaka kadhaa sasa timu nyingi za ligi zimekuwa zikiwaweka walinzi wawili nyuma kabisa ili kuzuia pasi ndefu, na makocha wa ushambuliaji wamejibu kwa njia mbili ambazo msomaji akizielewa ataifaidi huduma hii kuanzia siku ya kwanza. Njia ya kwanza ni kumhamisha mchezaji mmoja kabla ya mpira kuanzishwa. Kanuni inaruhusu mtu mmoja tu awe katika mwendo mpira unapoanzishwa, tena asiwe anaelekea mbele, lakini huyo mmoja anatosha: mlinzi akimfuata hadi upande wa pili, kwotabeki anajua kwamba walinzi wanakaba mtu kwa mtu, wasipomfuata, anajua kwamba kila mmoja analinda eneo lake. Njia ya pili ni hila ya mkono, yaani kwotabeki kujifanya anampa mkimbiaji mpira kisha akaubakiza na kuurusha. Tazama miguu ya walinzi wa kati katika sekunde ile: hatua mbili tu za kwenda mbele, na nyuma yao linafunguka eneo pana ambalo mpokeaji analiingia bila kuguswa. Waliokulia kwenye raga, kama wengi wetu kutoka Kenya, watautambua ujanja huu haraka, maana kujifanya unapasi ni somo la darasa la kwanza katika mchezo ule. Si ajabu kwamba Mkenya Daniel Adongo alitokea kwenye raga kabla ya kuichezea Indianapolis Colts mwaka 2013.

Mfano mkubwa wa njia ya kwanza ni Miami Dolphins wa kocha Mike McDaniel, ambao Septemba 24, 2023 waliifunga Denver Broncos 70 kwa 20 na kupata yadi 726 katika mechi moja. Ukitazama kwenye televisheni unaona kasi. Ukitazama filamu ya makocha unaona kwamba kasi ile ilikuwa imepewa mwanzo: mpokeaji kama Tyreek Hill anakuwa tayari anakimbia ubavuni kabla mpira haujaanzishwa, huku mlinzi wake akiwa bado amesimama. Timu hiyohiyo ilifungwa 26 kwa 7 na Kansas City Chiefs katika mechi ya kwanza ya mtoano, usiku wa baridi kali Januari 2024.

Lakini mfano ulionifundisha zaidi ni New Orleans Saints wa mwaka 2024. Wiki ya kwanza waliifunga Carolina Panthers 47 kwa 10. Wiki ya pili walikwenda Dallas wakaifunga Cowboys 44 kwa 19, Alvin Kamara akafunga tachidauni nne peke yake, yaani mara nne aliufikisha mpira katika eneo la goli la wapinzani, na timu ikapata tachidauni katika mashambulizi yake sita ya kwanza mfululizo. Pointi 91 katika mechi mbili! Jirani yangu mmoja, mtu wa Mombasa aliyeanza kuufuata mchezo huu miaka ya karibuni tu, alinipigia simu usiku ule akitangaza kwamba bingwa amekwisha kupatikana. Sikumbishia kwa simu. Nilimwalika aje Jumatano jioni, tukaiweka filamu kwenye televisheni, chai mezani, naye akashika kidhibiti kwa saa nzima akirudisha nyuma kila jaribio lililompendeza.

Tuliyoyaona yalikuwa mazuri kweli. Klint Kubiak, kocha wa ushambuliaji aliyekuwa ametoka San Francisco 49ers, alikuwa akimweka kwotabeki Derek Carr karibu na mgongo wa senta, yule wa katikati ya laini anayeuanzisha mpira, akiwahamisha wapokeaji kabla ya mpira kuanzishwa, na akiijenga hila ya mkono juu ya mbio za kwenda pembeni, kiasi kwamba pasi ndefu na mbio zilionekana sawasawa kwa sekunde ya kwanza. Ila pembe ya nyuma ya goli ilisema jambo jingine. Yote yalitegemea laini kusogea kwa pamoja, hatua kwa hatua, kama watu wanaovuta jarife, na aliyekuwa akiwaongoza ni senta Erik McCoy. Nilimwonyesha jirani yangu: mtazame huyu wa katikati, usiutazame mpira. Akatazama majaribio matatu, manne, akaniuliza, “Na huyu akiumia, kaka, nani atawaongoza?” Wiki iliyofuata McCoy aliumia mwanzoni mwa mechi dhidi ya Philadelphia Eagles. Saints walipata pointi 12 na wakafungwa 15 kwa 12. Huo ukawa mwanzo wa kupoteza mechi saba mfululizo, ya mwisho ikiwa dhidi ya Panthers walewale ambao Saints waliwafunga 47 kwa 10, safari hii 23 kwa 22, na siku iliyofuata kocha mkuu Dennis Allen akafukuzwa. Walimaliza msimu wakiwa wameshinda mechi 5 na kupoteza 12. Majeruhi walikuwa wengi, Carr mwenyewe akiwemo, na sidai kwamba filamu ilitabiri lolote. Ninachosema ni kwamba ilituonyesha nguvu ya timu ile ilipokaa, na hivyo tulijua ingevunjikia wapi, jambo ambalo matokeo peke yake yasingetuambia hata kidogo.

Kwa timu ya nyumbani, Minnesota Vikings, filamu ilifanya kazi ngumu zaidi, kwa sababu moyo wa shabiki hautaki kuona. Kijana waliyemchagua kuwa kwotabeki, J.J. McCarthy, aliumia goti kabla ya msimu kuanza, na kiti kikachukuliwa na Sam Darnold, ambaye wengi walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa. Vikings wakashinda mechi tano za mwanzo. Ile iliyozungumzwa zaidi hapa mjini ni ya wiki ya pili dhidi ya 49ers, iliyoisha 23 kwa 17, na ndani yake ile pasi ya yadi 97 kwa Justin Jefferson. Mpira ulikuwa yadi 3 tu kutoka mstari wa goli la Vikings wenyewe. Darnold alirudi hadi ndani ya eneo lake la goli, mahali ambapo kukamatwa kungewapa wapinzani pointi 2 na mpira juu yake, akausubirisha mpira, kisha akaurusha katikati ya uwanja mbali kabisa. Kwenye televisheni ni pasi na mbio. Kwenye filamu, ukimfuata Jefferson tangu hatua ya kwanza, unamwona akikimbia bila papara huku akiacha kila mlinzi aamini kwamba mwenzake ndiye mwenye jukumu, hadi anapokuwa nyuma yao wote. Nimelitazama jaribio hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara jicho langu hurudi kwenye laini, kwa watu watano waliompa kwotabeki wao muda wote ule akiwa amesimama juu ya ardhi ya hatari.

Muda. Hilo ndilo neno nililoliandika kwenye daftari langu mwezi huo wa Septemba. Ushambuliaji wa kocha Kevin O'Connell ulipenda njia ndefu, na njia ndefu humtaka kwotabeki aushike mpira. Laini ilipokuwa nzima, ilikuwa raha kutazama. Mwishoni mwa Oktoba mtu wa laini wa upande wa kushoto, Christian Darrisaw, aliumia katika mechi waliyopoteza dhidi ya Los Angeles Rams, na ingawa Vikings waliendelea hadi kufikisha ushindi wa 14 na O'Connell akatajwa kuwa kocha bora wa mwaka, Rams haohao waliwatoa katika mtoano kwa 27 kwa 9, wakimwangusha Darnold mara 9. Nilihuzunika usiku ule kama kila mtu wa mji huu. Sikushangaa.

Kuna mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua mapema. Filamu haitoki siku ileile ya mechi, kwa hiyo mabishano ya Jumapili usiku utaingia nayo mikono mitupu. Haifundishi chochote: hakuna maelezo, hakuna mishale, hakuna lugha yoyote, achilia mbali Kiswahili, na asiyejua tofauti ya mlinzi wa pembeni na mlinzi wa nyuma atachoka katika dakika 10. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: chagua mechi moja tu, tazama kwanza ile iliyofupishwa ili ujue nini kilitokea, kisha ingia kwenye filamu na umfuate mchezaji mmoja asiyegusa mpira. Senta ni chaguo zuri. Intaneti nayo lazima iwe imara; mwezi mmoja mwaka 2024 kampuni tuliyokuwa tukilipia nyumbani ilikuwa ikitukatia kila jioni, na filamu ya kurudisharudisha haivumiliki picha inapoganda, kwa maana kinachotafutwa ni hatua moja ya mguu.

Kwa ndugu walioko Nairobi, Dar es Salaam au Muscat, huduma hii haiwahusu. Walio nje ya Marekani huzipata mechi kupitia NFL Game Pass, ambayo tangu 2023 iko chini ya DAZN, na saa nazo zina habari yake: mechi ya saa 7 mchana ya New York huanza saa 2 usiku Afrika Mashariki mwezi Septemba, jambo linalowezekana, lakini ile ya Jumapili usiku huanza baada ya saa 9 alfajiri ya Jumatatu, na hiyo ni ya mtu asiye na kazi asubuhi.

Kwa tulioko huku, na hasa kwa anayependa mbinu kuliko kelele, ningelipa tena. Ningelipa kwa mwezi, si kwa mwaka, na ningeanza Septemba, makocha wanapokuwa bado wanaonyesha mambo mapya waliyoyapika majira yote ya joto na walinzi hawajapata jibu. Oktoba ningeongeza mwezi mmoja ili nilione hilo jibu.